Jina Lililonikwama Chini ya Ardhi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena, kwa sababu leo nimesimama juu ya ardhi kwa miguu yangu miwili, na wapo watu humu ndani waliokuwa wameshakubali kwamba nitabaki chini yake.

Mimi ni Yustina, Mama Obedi, wa hapa hapa Murungu. Wengi mnanijua kwa kuimba sauti ya pili na kwa kuchelewa mazoezi ya kwaya. Mchungaji ameniomba mara nyingi nitoe ushuhuda huu na nimekuwa nikikwepa. Si kwa aibu. Ni kwamba kila nikianza kusimulia ninashangaa upya, kama vile habari yenyewe naisikia kwa mtu mwingine.

Lazima nianze na habari ya jina, la sivyo hamtaelewa Mungu alifanya nini.

Ninyi mlio Waha mnajua, lakini wapo wageni. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hamwiti kwalo, halitaji hata akiwa peke yake jikoni. Na jina hilo likifanana na jina la kitu, basi kitu hicho unakitafutia neno lingine. Mama yangu mdogo alimpata mkwe ambaye jina lake linafanana na maharage kwa Kiha. Maisha yake yote amekula "mboga ya maganda". Mimi nilicheka sana habari hiyo, mpaka nilipoolewa.

Baba mkwe wangu, jina lake kwa Kiha ndilo neno letu la mwanga. Kwa Kiswahili sina shida: mwanga, taa, tochi, koroboi, nasema kutwa. Lakini nyumbani tunaongea Kiha, na kwa Kiha lile neno sijalitamka tangu nilipoolewa. Nilijitungia langu, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mfukuza-usiku. Jioni nawaambia watoto, "Washeni Mfukuza-usiku." Wao hucheka, na mzee mwenyewe hucheka, lakini wamezoea. Nje ya nyumba yetu hakuna anayelijua neno hilo.

Sasa, ndugu zangu, mwaka ule wa 2013 Mchungaji alihubiri juu ya mila. Alisema mtu aliyeokoka hafungwi na hofu ya majina, na kwamba jina la kuogopwa ni moja tu. Nikaguswa kweli. Nikasimama mbele yenu nikasema kwamba nikirudi kutoka Kasulu, ambako nilikuwa naenda kumtazama dada yangu aliyejifungua, nitakwenda kwa baba mkwe nimsalimie kwa jina lake, ajue nimewekwa huru. Akina mama mkapiga vigelegele. Nilitoka hapa najiona shujaa.

Nikapata nafasi kwenye Fuso iliyobeba maharage. Mwenye mzigo alikuwa Bwana Salum, mfanyabiashara wa Kasulu mjini, ambaye hununua mazao huku kwetu na anaifahamu familia yetu vizuri. Aliniona na kikapu changu akasema, "Mama Obedi hapandi juu ya magunia. Njoo mbele." Nikakaa katikati, dereva upande huu, Bwana Salum upande ule. Heshima ile ndiyo iliyoniponza, ingawa simlaumu hata kidogo.

Katikati ya pori walitoka watu wenye bunduki. Dereva walimwacha, wakamwambia akimbie na asigeuke nyuma. Bwana Salum walimshusha kwa sababu walijua ana ndugu wenye maduka. Na mimi walinishusha kwa sababu waliona mwanamke aliyejifunga mtandio, amekaa karibu na tajiri, basi ni mke wake. Bwana Salum akasema, "Huyu si mke wangu, mwacheni aende zake." Mkubwa wao akacheka, akasema kila mwanamume hivi leo anamkana mke wake. Nikasema mimi ni Mkristo, nina mume wangu yuko Uvinza, kwenye kiwanda cha chumvi. Hakuna aliyesikiliza. Hivyo ndivyo nilivyotekwa, kwa kosa la kukaa kiti cha mbele.

Walituingiza porini mpaka kwenye kilima ambacho zamani watu walichimba dhahabu wakakata tamaa. Pale pamebaki shimo linaloingia ubavuni mwa kilima. Mdomo wake ni mwembamba, unaingia umeinama, mtu mmoja nyuma ya mwingine. Ndani linapinda, kisha linapanuka kidogo, na mwisho kabisa juu kuna tundu la hewa lisilomtosha mtu. Magogo ya kuegemeza yalikuwa yameoza. Ukiligusa moja, mchanga unakumwagikia shingoni. Walitukalisha huko mwisho. Wao wakakaa kwenye kona, kati yetu na mlango.

Sitawachosha na habari za njaa na kiu. Nitasema tu giza. Mle ndani ukiuweka mkono mbele ya macho huuoni, na baada ya muda huna hakika kama macho umeyafumba au umeyafumbua. Bwana Salum alikuwa anasoma dua zake polepole, mimi naomba kwa Jina la Yesu, na tulipochoka tuliulizana tu, "Upo?" "Nipo." Nilimwambia Mungu, nimemwacha Obedi na wadogo zake kwa babu yao, hawajui nilipo. Nirudishe kwao hata kama ni kilema.

Mungu alikuwa ameshaanza kazi, ila sisi hatukujua. Mkubwa wao alikuwa anapanda juu ya kilima kutafuta mtandao ili awapigie ndugu wa Bwana Salum. Mlina asali mmoja aliyekuwa kwenye mizinga yake akamwona na bunduki, akamfuata kwa macho mpaka aliposhukia, akaenda kusema. Polisi wakaja, na mgambo, na sungusungu wa vijiji vya karibu. Na baba mkwe wangu akaja kwa baiskeli, kwa niaba ya mwanawe aliyekuwa mbali. Walimkataza kusogea. Mnamfahamu, hakatazwi kitu.

Baada ya haya yote, Afande aliyeongoza kazi ile alikuja kutuona nyumbani, akanieleza kwa nini walikaa pale nje muda mrefu bila kuingia. Alisema porini jambazi ukimfuata mnaweza kumzunguka, lakini shimoni hakuna kuzunguka. Mnaingia mmoja mmoja, na wa kwanza akianguka anawazibia wenzake njia. Ukiwasha tochi, umemwonesha adui pa kulenga. Ukiizima, humjui adui wala mateka. Risasi ikigonga mwamba haijulikani inarudi kwa nani, na mlio wake peke yake unaweza kuyaangusha yale magogo. Nikamuuliza, je, ule moshi wa kutoa machozi? Akasema, "Mama, hewa yote ya mle mlikuwa mnaigawana. Ninyi wa mwisho ndio mngekufa wa kwanza." Alisema pia hata sauti haiaminiki, maana kilima kinaibadili. Mtu akiita kutoka ndani, hujui yuko karibu au mbali, hujui ni nani.

Na hapo kwenye sauti ndipo wale watu walipotaka kupita.

Waliposikia kilima kimezingirwa, mkubwa wao hakushtuka kama nilivyotarajia. Akaja kwetu akitambaa, akaniwekea mtutu hapa, chini ya sikio. Walikuwa wamechanganyika, wengine wa hapa hapa, wengine wa ng'ambo ya mpaka, na yeye alikuwa anachanganya Kirundi na Kiswahili cha kambi za wakimbizi. Alisema, "Weye mama, mumeo anaitwa nani?" Nikamtajia. "Mtoto wako wa kwanza?" Nikamtajia. "Huyo mzee anayepiga kelele huko nje ni nani?" Nikasema ni baba mkwe wangu. "Jina yake?"

Ndugu zangu, nikanyamaza.

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilitaka kusema! Nilikuwa nimeweka nadhiri mbele yenu kwamba nitalisema. Nilifungua kinywa, nikavuta pumzi, na jina halikuja. Ulimi uligoma. Akausukuma ule mtutu, na mimi nalia, naliona jina kabisa kichwani, herufi zake zote, na halitoki. Nikawaza, Yesu wangu, kumbe sijafunguliwa kitu, nitakufa mbele ya Mwislamu huyu na mila yangu mdomoni. Niliona aibu kuliko hofu, na hilo mpaka leo linanishangaza.

Bwana Salum akaniokoa, au ndivyo alivyodhani. Akasema, "Usimuue, nakutajia mimi," akalitaja lile jina.

Mkubwa akamwita mwenzake mmoja, mwanamume mzima lakini mwenye sauti nyembamba ya kike. Akamfundisha. Nikaelewa mpango wao. Yule mtu atajifanya mimi. Ataita kwamba majambazi wametorokea kwingine, mimi nimeumia, waje na taa wanitoe. Watu wetu wakiinama kuingia na taa zao, mmoja nyuma ya mwingine, wale wenye bunduki watakuwa kwenye kona wakiwasubiri. Nilitaka kupiga kelele, nikazibwa mdomo kwa mkono unaonuka tumbaku.

Akaita kwa Kiha safi kabisa, Kiha cha mtu aliyejifunza lugha bila mila. "Data!" Hivyo ndivyo ninavyomwita baba mkwe, maana yake baba. Kisha akaongeza lile jina. "Ni mimi, Mama Obedi. Wamekimbia. Nimevunjika mguu. Njooni na taa."

Niliisikia sauti yangu ikitoka kwa mtu mwingine. Kwa kweli ilifanana. Mimi mwenyewe ningeingia.

Yaliyotokea nje niliyasikia baadaye kwa Afande. Alisema vijana wake walishaanza kujipanga mdomoni, taa mkononi, mzee akamkamata mkono akamwambia, "Usiingize mtu. Yule si mkaza mwanangu."

Afande akasema, "Mzee, mbona amekutaja mpaka jina lako?"

"Ndiyo maana nasema si yeye."

Afande ni mtu wa mbali, mila zetu hazijui. Mzee akamweleza haraka haraka, na habari ya Mfukuza-usiku akaieleza pia, maana alikuwa analia na mtu akilia husema kila kitu. Alikuwa anasema, "Kama si yeye anayeita, basi yeye wamemuua." Afande akamtuliza, akafikiri, kisha akamuuliza, "Ukilitamka hilo neno lenu, huyo mama ataelewa ni taa. Wale wengine wataelewa nini?"

Mzee akasema, "Hawataelewa kitu."

Basi huku ndani tukasikia baba mkwe anaita kwa sauti yake ile ya kugombeza: "Mama Obedi! Tunakuja, vumilia! Ila Mfukuza-usiku amekata kamba amenifuata mpaka huku, anazunguka huko nyuma yako! Akikufikia lala chini kifudifudi kama siku zote, usimtazame machoni! Na uliye naye afanye hivyo hivyo!"

Ndugu zangu, yeyote aliyesikia angedhani ni mbwa, lakini sisi hatuna mbwa. Hatujawahi kufuga mbwa.

Nikaelewa papo hapo. Mwanga utatoka nyuma, nilale chini, nisiutazame. Alikuwa ameniambia yote masikioni mwao. Mkubwa akauliza, "Nani huyo Mfukuza-usiku?" Wakaondoa ule mkono mdomoni mwangu nijibu. Na mimi, ambaye muda mfupi uliopita ulimi wangu uligoma, nilijibu kwa sauti ya kwaya, sauti ya kufika nje: "Mfukuza-usiku ni mbwa wetu! Mkali! Anauma anayemtazama!" Nikapigwa kofi kwa kupiga kelele. Lakini nje walishasikia. Afande aliniambia mzee alipolisikia lile neno kwa mbali, alikaa chini akasema, "Yu hai. Huyo ndiye."

Wale watu walicheka, eti mzee amekuja vitani na mbwa. Wakarudi kwenye kona yao kungoja.

Nikamnong'oneza Bwana Salum, "Mbwa akija, lala kifudifudi, ficha uso." Sikuweza kumweleza zaidi. Bwana Salum anaogopa mbwa tangu utoto, na hata kama asingeogopa, mate ya mbwa kwake ni najisi. Alilala chini kwa moyo wote. Sijawahi kuona mtu mzima akijibanza ardhini namna ile. Tulilala pua kwenye mchanga, nikafumba macho, nikasema, Bwana, uje na mwanga wako.

Kule juu polisi walikuwa wamefungua taa kubwa ya gari, wakaifunga kwenye betri, wakaishusha kwa kamba kwenye lile tundu la hewa. Mtu asingepita pale, lakini taa ilipita. Ilipowashwa, niliiona hata nikiwa nimefumba macho, nyekundu kabisa. Nikasikia mtu anapiga ukelele. Wale kwenye kona waligeuka kutazama, na macho yaliyokaa gizani muda wote ule yakapigwa na ule mwanga, wakawa vipofu pale pale. Afande alikuwa amewaambia vijana wake neno moja tu: aliyesimama ni jambazi, aliyelala ni mateka. Wakaingia wakitambaa, wametazama chini, kofia usoni.

Milio ya bunduki mle ndani siwezi kuieleza. Siyo sauti tena, ni kitu kinachokupiga kifua. Gogo moja likaanguka, vumbi likajaa kinywani, nikajua sasa kilima kinatufunika. Kisha kimya, lakini kumbe si kimya, ni masikio yangu yaliyokufa. Mkubwa wao alikufa. Askari mmoja aliumia bega. Na yule mwenye sauti nyembamba alikuwa anaburutwa karibu yangu, mdomo wazi. Masikio yalipofunguka kidogo nikamsikia analia, "Mawe! Mawe!", anamwita mama yake, kwa sauti ile ile iliyokuwa yangu. Hilo ndilo ninaloliota. Nimemwombea yule mtu mara nyingi kuliko nilivyodhani ningeweza.

Walinitoa nimefungwa mtandio machoni ili jua lisinidhuru. Sikusikia vizuri, sikuona, ila nilisikia harufu ya mzee, ile ya moshi na sabuni ya mche. Akaufungua ule mtandio taratibu. Akaniuliza kwa Kiha, karibu kabisa na sikio, "Mwanangu, unaona nini?"

Mchana ulikuwa mweupe mpaka unauma. Nikamjibu, "Mfukuza-usiku, Data."

Mzee yule mkorofi, aliyegombana na nusu ya kijiji, alilia mbele ya polisi wote.

Bwana Salum sikio moja halijapona. Kila akipita Murungu ananiletea sukari, na hajaacha kuniuliza kama yule mbwa bado anauma. Nilimweleza mambo yote, lakini anasema anapenda zaidi habari ya mbwa.

Sasa Mchungaji, baba yangu, unisamehe. Sikutimiza nadhiri yangu na sitaitimiza. Nilidhani ule ni mnyororo, na Mungu akaushika huo huo akanivuta nao kutoka kaburini. Sijui kueleza elimu ya dini. Najua tu kwamba ningekuwa nimezoea kulitaja jina lile, mzee angeiamini ile sauti ya uongo, na leo mngekuwa na makaburi mengi. Bado nimeduwaa, ndugu zangu. Nikiwasha taa jikoni naduwaa.

Kama upo hapa na giza lako, la ugonjwa, la nyumba isiyo na amani, la jambo usiloweza kumwambia mtu, mwite Yesu. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi ulimi wangu ulikuwa umekwama na Yeye alinisikia. Namshukuru Mungu, nawashukuru mliokesha mkiomba, namshukuru mlina asali, Afande na vijana wake, na yule aliyeumia bega kwa ajili yangu.

Na jambo la mwisho. Kule nyuma, karibu na mlango, amekaa mzee mwenye koti la kahawia. Hajawahi kuingia kanisani tangu nimjue. Jana aliniambia anataka kumjua huyu Mungu aliyelisikia neno la jikoni kwangu. Mchungaji, anasubiri kuitwa aje mbele, na mimi ndiye ningepaswa kumwita.

Mwite wewe, tafadhali. Jina lake unalijua.